Reli ya Nachingwea: kusimamisha treni na kung'oa reli ni mambo mawili

Kila unapozuka mjadala wa kusini mwa Tanzania kuachwa nyuma, reli ya Mtwara–Nachingwea hutajwa. Ilifungwa 1962, mwaka uliofuata uhuru wa Tanganyika, kisha ikang'olewa. Wapo wanaosema kusini ilionewa, na wapo wanaosema reli ile ilikufa tangu tumboni.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Reli ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Treni zilianza 1949, zikitokea Mkwaya karibu na Lindi. Januari 1951 mradi ukaachwa, lakini ujenzi ukaendelea: bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikakamilika 1954, mradi ulioipa sababu ukiwa umeshazikwa. Zaidi ya hapo, njia hii haikuungana na Reli ya Kati. Kichwa cha treni kikiharibika, cha kuazima kilipaswa kuja kwa meli. Nani angeendelea kubeba hasara hiyo?

Watetezi hujibu kwa korosho, na hapo nawasikiliza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Reli iliyokosa karanga ingepata korosho, ila kwa miezi michache tu ya msimu.

Hoja yao nyingine, kwamba reli ingeiondoa kusini kwenye upweke, siikubali. Kilichoitenga kusini na Dar es Salaam ni Mto Rufiji, ambao magari yaliuvuka kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Reli ya Nachingwea haikukaribia Rufiji. Ilishuka pwani, basi.

Kwa hiyo, kusimamisha treni mwaka 1962 naona kulikuwa na sababu. Kung'oa reli ndiko kunakonisononesha. Tuta, madaraja na mataruma vilikuwa vimeshalipiwa, na treni zilizosimama zingeweza kurudi korosho ilipopanda. Baada ya kung'oa, ilibaki kuanza upya kwa gharama kamili.

Leo mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay unategemea makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Natamani ijengwe. Lakini migodi ianze kutoa mzigo kwanza, maana 1949 mataruma yaliitangulia karanga.