Hisa zinaposhuka, tulaumu ya nje au ya ndani?

Soko la hisa likiporomoka, lawama za kwanza huelekezwa nje: Marekani imepandisha riba, benki ya ng'ambo imeanguka, wageni wamehamisha fedha zao. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, naamini msukosuko wa nje ndio unaolishtua soko, na hali ya fedha ya ndani ndiyo inayoamua litabaki chini hadi lini.

Tarehe 5 Agosti 2024, kipimo cha Nikkei 225 cha Tokyo kilishuka kwa asilimia 12.4 katika siku moja. Benki Kuu ya Japani ilikuwa imetoka kupandisha riba, kisha takwimu za ajira za Marekani zikatoka dhaifu. Waliotikisika zaidi ni wale waliokopa yeni kwa riba nafuu ili wanunue mali za nchi nyingine. Mchukulie mmoja wao: deni lake ni la yeni, hisa zake ni za dola. Yeni ikipanda, deni linamzidi ingawa hajakopa tena. Hisa zikishuka, dalali anamtaka aongeze dhamana leo hii. Fedha taslimu hana, basi anauza, tena anauza kinachopata mnunuzi haraka. Ndiyo maana hisa za kampuni zenye faida nzuri huanguka pamoja na zile mbovu. Lakini kesho yake Nikkei ilipanda kwa zaidi ya asilimia 10. Benki za ndani zilikuwa zimesimama imara.

Iceland ya 2008 haikupata ahueni hiyo. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilipofilisika Septemba, mikopo ya kimataifa ilikauka. Benki tatu kubwa za Iceland, Kaupthing, Landsbanki na Glitnir, zilikuwa zimekua kwa fedha za kukopa nje hadi zikaupita uchumi wote wa nchi mara kadhaa, na Oktoba zote tatu zikaanguka. Soko lilipofunguliwa tena tarehe 14, lilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kwa siku hiyo moja.

Wanaolaumu ya nje wana jibu zito, nalo silipuuzi. Nchi inaweza kutunza benki zake vizuri na bado ikaumia, kwa sababu benki kuu yake haiwezi kuchapisha dola. Machi 2020 dunia nzima ilipokimbilia dola, Benki Kuu ya Marekani ilifungua njia ya kubadilishana sarafu, yaani kutoa dola kwa muda na kupokea sarafu ya mwenzake, na benki kuu 14 tu. Nyingi zilizobaki zilitegemea akiba zao za fedha za kigeni. Huo si uzembe wa mtu yeyote wa ndani.

Lakini ukubwa wa deni la fedha za kigeni ni uamuzi wa ndani, na hapo ndipo ningependa wasimamizi wa masoko wakaze. Kila kampuni iliyoorodheshwa ionyeshe mwanzoni kabisa mwa taarifa yake ya mwaka ni kiasi gani cha deni hilo kinapaswa kulipwa ndani ya miezi 12, badala ya kukiacha kwenye maelezo ya kurasa za nyuma ambako mwenye hisa chache hafiki.