Programu za anwani za barua pepe: tuombe kuunganisha kwanza, mapambo baadaye

Orodha za anwani katika ofisi nyingi za Nairobi, iwe ni Sacco, shule, kanisa au duka la vipuri, zina tatizo moja: mtu yuleyule ameandikwa mara tatu. Yupo kwa anwani ya kazini inayoishia na .co.ke, yupo kwa Gmail yake, na yupo tena kwa Yahoo aliyoifungua akiwa chuoni. Jina nalo hugeuka. Hapa ni Wanjiku Njeri, pale ni Njeri Wanjiku, kwingine limetanguliwa na "Dkt." Halafu watumiaji wakiulizwa wangependa programu iongezewe nini, wanaomba rangi za lebo, violezo vya salamu za Krismasi na akili unde ya kuwaandikia barua. Naona tunapoteza nafasi. Ombi la kwanza liwe kuunganisha rekodi zinazojirudia, tena kwa njia inayoweza kutenduliwa.

Utasema kitufe cha kuunganisha kipo tayari. Kipo, lakini kanuni zake ni dhaifu. Mara nyingi hulinganisha anwani herufi kwa herufi, basi. Kwenye gmail.com nukta zilizo kabla ya alama ya @ hazihesabiwi, kwa hiyo wanjiku.njeri na wanjikunjeri ni kikasha kimoja, na programu inapaswa kulijua hilo. Ila kanuni hiyo isipelekwe kwenye anwani za ofisi: kampuni inayotumia huduma ya Google kwa kikoa chake yenyewe, yaani jina lake baada ya alama ya @, nukta zake zinahesabika, na ukiziondoa unaweza kuwaunganisha wafanyakazi wawili tofauti. Namba ya simu pekee haitoshi pia, maana namba moja huwa ya mapokezi na watu kumi wameandikiwa hiyohiyo. Ninachotaka ni angalau alama mbili zinazokubaliana, kwa mfano jina bila kujali mpangilio wake, pamoja na simu. Programu ipendekeze, rekodi zionekane bega kwa bega, mtu aamue. Na zile za awali zihifadhiwe kwa siku 30 ili kosa lirekebishike.

Kuna sehemu moja ambayo karibu kila mtu huisahau anapoandika ombi hili: hali ya kujiondoa, yaani mtu kukataa kuendelea kutumiwa barua zako. Rekodi mbili zinaunganishwa. Moja inasema "anapokea", nyingine inasema "amejiondoa". Ipi ishinde? Programu ikichukua ile iliyohaririwa karibuni, mtu aliyekataa barua zako anaanza kuzipokea upya bila mkono wa yeyote. Lazima kujiondoa kushinde daima, isipokuwa baadaye mwenyewe ametoa idhini mpya yenye tarehe. Hili si adabu tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupinga data yake kutumiwa na haki ya kuomba ifutwe. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kanuni ambazo Gmail na Yahoo walianza kuzitekeleza mwaka 2024 nazo zinawadai wanaotuma barua kwa wingi waweke kujiondoa kwa mbofyo mmoja na wasivuke asilimia 0.3 ya malalamiko ya barua taka.

Kufuta kuna mtego wake. Mteja anaomba aondolewe, karani anamfuta leo, mwezi ujao mtu mwingine anapakia faili ya zamani iliyokuwa kwenye flashi, na mteja yuleyule amerudi. Tuombe orodha ya kuzuia: programu ibaki na alama iliyofumbwa ya ile anwani, ambayo haisomeki lakini inalinganishika, na ikatae kuiingiza tena.

Kupakia faili ndiko uchafu mwingi unakotoka, na hapa Excel ina lawama zake. Ukiifungua moja kwa moja faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, namba inayoanza na 07 au 01 hupoteza sifuri ya mbele. Inayoanza na +254 hupoteza alama ya kujumlisha, kisha kwa kuwa ina tarakimu 12, huonyeshwa kama 2.547E+11. Ukihifadhi hivyo katika CSV, tarakimu zilizofichwa zimekwenda na hakuna programu itakayozirudisha. Kwa hiyo ombi lenye maana ni ukurasa wa kukagua kabla ya kuingiza: uonyeshe mistari 20 ya kwanza, utambue E+11 na kusimama hapo, uongeze 254 kwenye namba za tarakimu tisa zinazoanza na 7 au 1, na useme ni mistari mingapi itaongezwa, mingapi itasasishwa, mingapi imekataliwa na kwa nini. Hadi ukurasa huo upatikane, mtumiaji naye aingize safu ya simu kwenye Excel kama maandishi, si kama namba.

Barua zinazorudi kwa kushindwa kufika: tuonyeshwe msimbo, si neno "imeshindikana" peke yake. 5.1.1 maana yake hakuna kikasha hicho, acha kutuma. 4.2.2 maana yake kimejaa, subiri.

Yapo maombi ambayo ningependa yakataliwe. La kwanza ni kunyonya anwani zote za simu ya mfanyakazi kwa mguso mmoja. Humo mna fundi bomba, shangazi na daktari wake, na hakuna aliyekubali kuingia kwenye orodha ya kampuni. La pili ni kuhesabu nani amefungua barua. Hesabu hiyo hutegemea picha ndogo inayopakuliwa barua ikifunguliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha mapema kwa wanaowasha ulinzi wa faragha, hata barua isiposomwa, hivyo hesabu hiyo inadanganya, na watu wanaitumia kuamua nani aondolewe.

Ukiandika ombi lako, usiseme "boresheni kuunganisha". Eleza hatua ulizobonyeza, kilichotokea, ulichotarajia, orodha ina mistari mingapi na ilitoka programu gani. Ambatisha faili ya mistari mitano yenye majina ya kubuni na anwani zinazoishia na example.com, kikoa kilichotengwa kwa mifano. Wengi hutuma orodha yao halisi kwa kitengo cha msaada, maelfu ya wateja ndani ya kiambatisho kimoja, na huko ni kutoa data ya watu nje bila idhini yao hata kama aliyeipokea ni mtengenezaji wa programu mwenyewe.