Septemba nyingine ya Marekani

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, kundi letu la WhatsApp hujaa swali lilelile: imekuwaje nchi ile ikafika pale ilipofika? Wenzangu wengi huanzia Septemba 11, 2001. Vijana huanzia 2016, Donald Trump aliposhinda. Mimi huanzia Septemba 2008, benki kubwa za Marekani zilipoyumba kwa mikopo mibaya ya nyumba, kwa sababu miezi iliyofuata niliishi Cleveland, Ohio, nikilipwa kwa siku kutoa vyombo vya watu ndani ya nyumba zilizochukuliwa na benki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Familia ikishindwa kulipa mkopo wa nyumba, mahakama inatoa amri, nyumba inapigwa mnada, na mara nyingi anayeinunua ni benki ileile iliyokopesha. Benki inatafuta kampuni ya usafi, na kampuni inatukusanya sisi: wanafunzi kutoka Afrika, Wapuerto Riko, Wamarekani weusi kwa weupe waliopunguzwa viwandani. Tunabadilisha vitasa, tunazoa kila kilichomo, tunatupa kwenye kontena la taka lililoegeshwa nje. Magodoro. Viatu vya watoto. Friji zenye nyama iliyooza tangu umeme ulipokatwa. Lakini kilichonikaa rohoni ni bahasha. Karibu kila nyumba ilikuwa na lundo la barua za benki zisizofunguliwa, kwenye droo, juu ya kabati, na safari moja tulizikuta ndani ya oveni. Wenyewe waliacha kuzifungua kwa kuwa walishajua zinasema nini.

Mara nyingi tulikuwa Slavic Village, mtaa uliojengwa na wahamiaji wa Kicheki na Kipolandi waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya chuma. Kufikia 2007 jina lake lilikuwa limeshavuma Marekani nzima kwa wingi wa nyumba zilizokuwa zikienda mnadani. Nyumba ikishakuwa tupu, wezi waliingia usiku kung'oa mabomba ya shaba. Jirani aliyelipa deni lake bila kukosa hata mwezi mmoja alijikuta katikati ya magofu, na nyumba yake haina tena bei.

Nasikia mara nyingi kwamba watu hao walikopa kwa tamaa. Wapo waliokopa kupita uwezo wao, ni kweli. Ila tazama mikopo yenyewe ilivyotengenezwa. Aina moja iliyouzwa sana ilikuwa na riba nafuu kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha riba inapanda kwa miaka 28 iliyobaki. Dalali alilipwa kamisheni siku ya kusaini. Mkopeshaji aliuza deni kwa benki kubwa za Wall Street, New York, huko likachanganywa na maelfu ya madeni mengine na kugeuzwa hati za kuwauzia wawekezaji, na kampuni za kupima ubora wa hati hizo zikazipa alama ya juu kabisa. Kila aliyelipitisha deni alishapata chake kabla mkopaji hajashindwa kulipa. Na haikuwa bahati mbaya kwamba Weusi na Walatino ndio walioumia zaidi. Mwaka 2011 kampuni ya mikopo ya nyumba ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza madai ya serikali kwamba iliwatoza wakopaji weusi na Walatino zaidi ya 200,000 gharama kubwa kuliko weupe wenye sifa kama zao, na wengine ikawasukumia mikopo mibaya walipokuwa wanastahili ya kawaida.

Madeni yalipoacha kulipwa, ikaja ile Septemba 2008. Tarehe 15, benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikatangaza kufilisika. Kesho yake serikali ikaikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85. Tarehe 29, Baraza la Wawakilishi likakataa mpango wa kuokoa benki kwa kura 228 dhidi ya 205, maana wabunge walikuwa wamepigiwa simu na wananchi wenye hasira hadi laini zikazidiwa. Siku hiyo soko la hisa lilianguka kwa pointi 777. Siku nne baadaye mpango ukapita, dola bilioni 700.

Siwezi kusema benki zingeachwa zife. Akiba za watu wa kawaida zilikuwa humo. Ninachokilaumu kilitokea baada ya hapo. Aprili 2009 kulikuwa na pendekezo la kuwaruhusu majaji wa mahakama za kufilisika kupunguza deni la nyumba ya mtu anayoishi, kama wanavyoweza kufanya kwa madeni mengine mengi. Lilianguka Seneti, kura 45 za ndiyo na 51 za hapana, na maseneta 12 wa chama cha Democratic, chama cha rais, walikuwa upande wa hapana. Serikali ya Obama ilikuwa na mpango wake, ikilenga familia milioni tatu hadi nne. Hadi mwisho wa 2010 waliopata nafuu ya kudumu hawakufika hata milioni moja. Utekelezaji uliachwa mikononi mwa benki, na benki zilipoteza nyaraka za watu mara kwa mara, zikawaambia watume upya. Wakati huohuo AIG, ikiwa imeshaokolewa kwa fedha za umma, ililipa wafanyakazi wake bonasi za takriban dola milioni 165. Kati ya wakubwa wa Wall Street, aliyefungwa jela kwa yaliyosababisha janga lile ni mmoja tu, miezi 30.

Hapo ndipo ninapouona ufa. Septemba 11 iliwaunganisha Wamarekani, angalau kwa muda: Bush alifikia asilimia 90 ya kukubalika. (Sisi wa Nairobi na Dar es Salaam tunajua habari ile haikuanza 2001, tulizika watu wetu Agosti 1998.) Mwaka 2008 uliwafanya waangaliane kwa chuki. Februari 2009 mtangazaji Rick Santelli, akiwa katikati ya madalali wa soko la Chicago, aliuliza moja kwa moja kwenye televisheni nani anataka kumlipia jirani yake deni la nyumba. Madalali wakashangilia. Kelele zile ziliwasha moto wa Tea Party, vuguvugu la wahafidhina waliopinga matumizi ya serikali, na mwaka uliofuata chama cha Republican kikaongeza viti 63 bungeni. Septemba 2011 vijana walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti, New York, wakisema wao ni asilimia 99, dhidi ya asilimia moja ya matajiri. Upande mmoja ulimkasirikia jirani, mwingine ukamkasirikia mwenye benki, na wote walikuwa wametoka kwenye jeraha moja.

Najua jibu la wengi: ni ubaguzi, Mwafrika kuingia Ikulu. Silikatai. Uongo kwamba Obama alizaliwa Kenya haukutokana na mikopo ya nyumba. Ila ubaguzi haunielezi kwa nini Ohio ilimchagua Obama mara mbili kisha ikamwendea Trump, wala kwa nini Weusi waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka asilimia 66.6 mwaka 2012 hadi 59.6 mwaka 2016. Michigan, Pennsylvania na Wisconsin, majimbo yaliyompa Trump ushindi, ziliamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika 80,000 zikijumlishwa zote tatu.

Baada ya uchaguzi ule nilimpigia simu aliyekuwa msimamizi wetu, mzee wa asili ya Kipolandi aliyezaliwa Slavic Village. Obama alimpigia kura mara zote mbili, safari ile akampa Trump. Nilimuuliza kwa nini, nikitegemea kusikia habari za ukuta wa Mexico. Akaanzia 2009, siku dada yake alipotumiwa barua ya kunyimwa nafuu baada ya kutuma nyaraka zilezile kwa mara ya nne. Jina la karani aliyekuwa akipokea simu zake bado alikuwa analikumbuka. Tuliongea karibu saa nzima, na Trump hakumtaja tena.