Meza Yangu ya Chai

Mama mmoja mwenye duka la steshenari pale Sinza alinipigia simu: akifungua tu faili la madeni, Excel inajifunga. "Wahi, baba, wadaiwa wanachekelea." Nikaenda na bisibisi, maana Dar hii fundi asiye na bisibisi halipwi.

Sikuuliza swali hata moja. Nikachomoa RAM, kipande cha memori ya kompyuta, nikasugua meno yake kwa ufutio, nikarudisha. Ikajifunga. Nikaendesha mdsched, kipimo cha memori cha Windows: haina kosa. Nikafuta Office, kifurushi chenye Excel, nikaiweka upya kwa bando la mama. Ikajifunga vilevile. Muda wote huo skrubu na kikombe changu cha chai vilikaa juu ya printa mbovu iliyokufa tangu Ramadhani.

Jioni kijana wa dukani akanong'ona: "Fundi, mbona Word nayo inafanya hivyohivyo?"

Nilipaswa kuanzia hapo. Programu mbili zikianguka kwa namna moja, tafuta kile zinachotumia pamoja.

Nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nikaingia Windows Logs, Application, nikatafuta kosa namba 1000 la dakika ileile. "Faulting application name" ni EXCEL.EXE; huyo ni marehemu. Mshukiwa yuko kwenye "Faulting module name". (Ukikuta ntdll.dll, faili la Windows yenyewe, usimkamate haraka, mara nyingi hapo ni mahali maiti ilipookotwa tu.) Mimi nikakuta .dll, yaani faili la msimbo, ya draiva ya printa (programu inayoiunganisha Windows na printa), na namba ya kosa 0xc0000005: imegusa memori isiyoruhusiwa. Kumbe Excel ikifungua faili huiuliza printa chaguo-msingi, ile kompyuta inayoitumia usipochagua nyingine, vipimo vya karatasi, hata kama huchapi kitu. Siku nzima ilikuwa inamhoji mtu aliyebeba chai yangu.

Nikachapa ukurasa wa Notepad kwa Microsoft Print to PDF, printa ya Windows inayotoa faili badala ya karatasi, ikawa chaguo-msingi, faili likafunguka, nikalipwa elfu ishirini.

Asubuhi simu: "Baba, wanachekelea tena."

Kijana alikuwa ametuma risiti kwenye printa ileile kwa mazoea, nami niliacha "Let Windows manage my default printer" ikiwa imewashwa. Hiyo huifanya printa iliyotumika mwisho kuwa chaguo-msingi. Nikaizima. Nikafuta printa, halafu kwa amri printui /s /t2, inayofungua orodha ya draiva, nikafuta na draiva, maana ukiondoa printa peke yake draiva inabaki.

"Jana elfu ishirini ya kusugua," mama akasema. "Leo umebonyeza tu, si bure hiyo?"

Printa alikuwa ameshaitupa nje. Chai yangu nikainywa nimeishika mkononi.