Tatizo ni usukani, siyo ubovu
Mwandishi wa makala moja niliyosoma anadai magari ya Hyundai, ya Korea Kusini, ni machache barabarani kwetu kwa sababu Wakorea waliwaiga tu Wajapani na magari yao hayadumu. Hapo kachanganya mambo. Ni kweli Pony, gari la Hyundai la 1975, ilibeba injini na giaboksi ya Mitsubishi, lakini ilikuwa kwa makubaliano, si wizi. Bodi ilichorwa na Giorgetto Giugiaro, Mwitaliano, na uhandisi ukasimamiwa na George Turnbull, Mwingereza aliyetoka kampuni ya magari ya British Leyland. Huko ni kulipia ujuzi, na kampuni yenyewe ilikuwa na miaka minane tu tangu Chung Ju-yung aianzishe. Uchache wake hapa Tanzania unatokana na usukani. Korea wanapita kulia, usukani uko kushoto, kwa hiyo mitumba yao haitufai, wakati ya Japani inashuka bandarini ikiwa tayari na usukani kulia kama tunavyotaka. Mimi nina Hyundai Tucson iliyotokea Uingereza, ambako nako usukani uko kulia, huu mwaka wa saba, imepita kilomita laki mbili na injini haijafunguliwa hata siku moja. Kinachonitesa ni spea. Bushi za mbele zilipoisha (mashimo ya mtaani kwetu yanamaliza gari lolote) nilizunguka Kariakoo asubuhi nzima, muuzaji mmoja akaniambia, "Mzee, ungekuwa na Toyota saa hizi ungekuwa ushafika nyumbani." Nikaagiza, nikasubiri siku kumi na moja. Wenzangu wenye Hyundai au Kia, nyie spea mnazipata wapi?