Arobaini za mwizi, na mbili za nyongeza

Siku za mwizi ni arobaini. Mwaka 1982 Rickey Henderson, mcheza besiboli wa Oakland, alikamatwa mara 42, na bado akamaliza msimu akiwa kinara wa kuiba besi Marekani. Aliiba 130, na mpaka leo hajatokea wa kumfikia.

Hiyo 130 kila shabiki wa besiboli anaijua kama jina lake. Ile 42, ambayo nayo ni rekodi, huisikii ikitajwa. Mimi inanikera.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: besi ni vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate bao, na mwizi wa besi hangoji mpira upigwe. Anajisogeza hatua chache kutoka besi ya kwanza, macho kwa mrushaji wa timu pinzani, na mpira ukianza safari anatimka mita 27 na ushei kabla mdakaji, anayeudaka nyuma ya mpigaji, hajaufikisha besi ya pili. Akiwahi, bao linanukia. Akichelewa ni auti, yaani anatolewa, na timu ina auti 27 tu kwa mchezo wa kawaida. Kwa hiyo Henderson peke yake aligawa mchezo mzima na zaidi ya nusu ya mwingine.

Mwaka huohuo Tim Raines wa Montreal aliongoza Ligi ya Taifa, moja ya ligi kuu mbili za besiboli, kwa kuiba 78, akakamatwa mara 16. Kwa hesabu ya muuza duka, anayepima hasara kwa kila jaribio, mwizi bora wa 1982 ni Raines. Nitukaneni tu.

Nakiri, kinachonichefua zaidi ni namna rekodi ile ilivyofukuziwa. Oakland walikuwa wabovu, walipoteza michezo 94 msimu ule. Agosti, wakicheza na Detroit, Henderson alikuwa besi ya kwanza lakini ya pili imekaliwa na mwenzake, Fred Stanley. Stanley akatoka kwenye besi yake kama mtu anayekwenda msalani, akaguswa, auti. Njia ikawa nyeupe. Henderson akatimka... akadakwa! Kocha wa Detroit, Sparky Anderson, alichukia, na hapo nilikuwa upande wake.

Lakini Agosti 27, kule Milwaukee, hakubebwa na mtu. Alikuwa amelingana na Lou Brock, aliyeiba 118 mwaka 1974. Uwanja mzima ulijua anakwenda. Mrushaji Doc Medich alijua, akawa anautupa mpira besi ya kwanza tena na tena, Henderson akijirusha kurudi kila mara. Mdakaji Ted Simmons naye alikuwa tayari. Akaenda vilevile, kifua chini, mikono mbele, vumbi juu. Ya 119.

Ndiyo maana sikubali wanaompima kwa nyota wa siku hizi Shohei Ohtani, aliyeiba 59 mwaka 2024 na kukamatwa mara 4 tu. Ohtani ni hatari, sibishi. Ila tangu 2023 besi zimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji anaruhusiwa kumshtua mkimbiaji hivyo mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akijaribu ya tatu asimpate, mkimbiaji anapewa besi ya mbele bure. Medich angeendelea na mchezo wake ule leo, Henderson angetembea hadi ya pili, jezi yake ikiwa safi.