Mbwa hawezi kukwambia kama sindano imemfaa

Mbwa wetu Popi alipozeeka, nyonga zilimkamata. Akiinuka, miguu ya nyuma ilimteleza kwenye vigae, ukucha mmoja ukikwaruza. Mama akawa anamsugua mafuta ya nazi yenye tangawizi kila jioni, na baada ya wiki mbili nyumba nzima tukakubaliana kwamba ana nafuu. Mpwa wangu, aliyekuja likizo bila kuambiwa habari za mafuta, ndiye aliyeuliza: "Mbona Popi hapandi tena barazani?" Na baraza lenyewe lina ngazi moja tu.

Namkumbuka Popi kila ninaposikia mabishano juu ya akupancha, yaani kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa, na tiba mbadala nyingine kwa mbwa na paka. Daktari wa wanyama akisema ana shaka, anaitwa mtu wa vidonge asiye na huruma. Nadhani anaonewa.

Watetezi wa sindano wana hoja, tena si za kuokota. Sindano ni nyembamba kama unywele, na mbwa aliyetulia nazo huanza kusinzia mbele ya macho yako. Kubisha hapo ni kazi. Mwaka 1976, watafiti Pomeranz na Chiu walionyesha kwamba naloksoni, dawa inayozima kazi ya morfini, huifuta ile nafuu ya maumivu ambayo panya hupata kwa akupancha, ishara kwamba sindano huamsha dawa ya maumivu ya mwili wenyewe. Panya hasomi matangazo. Nchini Brazili, utafiti wa 2010 juu ya mbwa wenye ugonjwa mkali wa diski za uti wa mgongo ulikuta 15 kati ya 19 waliotibiwa kwa sindano zenye umeme matibabu yaliwafaa, dhidi ya 4 kati ya 10 waliopasuliwa. Halafu kuna paka: panadol yako yaweza kumuua, na Marekani tangu 2010 meloksikamu, dawa ya maumivu, ina onyo kwamba kumpa paka mara kwa mara huweza kuangusha figo zake. Mwenye paka mzee ana kila sababu ya kutafuta njia nyingine.

Ila wale mbwa wa Brazili hawakugawanywa kwa kura, nani achomwe sindano na nani apasuliwe, kwa hiyo makundi yenyewe huenda hayakulingana. Na mapitio ya mwaka 2006 yaliyokusanya majaribio ya akupancha kwa wanyama wa kufugwa hayakupata ushahidi wa kutosha kuipendekeza wala kuikataa.

Kinachonisumbua zaidi ni utafiti mmoja wa 2012, wa Conzemius na Evans. Walichukua mbwa 58 wenye kuchechemea kwa ugonjwa wa viungo, ambao walikuwa wamepewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kila mmoja alipitishwa juu ya bamba linalopima uzito anaoutupia mguu. Karibu asilimia 40 ya majibu ya wenye mbwa yaliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Utasema ni mapenzi yanapofusha. Basi madaktari nao, waliosomea kutazama mwendo wa mbwa, walidanganyika kwa zaidi ya asilimia 40.

Mtu akimeza kidonge kitupu akasikia nafuu, angalau nafuu hiyo ni yake. Kwa mbwa, anayefarijika ni mimi niliyelipa, na mguu unabaki kwa mwenyewe. Maradhi ya viungo nayo hupanda na kushuka, nasi huenda kwa daktari siku ile mbaya kuliko zote. Wiki inayofuata itakuwa afadhali hata kama hakuguswa. Anayetilia shaka anamsemea mbwa, kwa sababu sisi wengine tumeshajisemea wenyewe.

Hilo halina maana sindano ipigwe marufuku. Ikienda pamoja na dawa iliyothibitika, na daktari akiwa ameshajua ugonjwa ni nini, sina ugomvi nayo. Ila siku ya kwanza mrekodi mbwa kwa simu akipanda ngazi, baada ya wiki sita mrekodi tena pale pale, kisha mwonyeshe video zote mbili mtu asiyejua ipi ilitangulia.

Popi hatimaye aliandikiwa dawa ya maumivu ya mbwa, na fundi akatutengenezea ubao wa mteremko wa kupandia barazani. Mafuta ya nazi Mama hakuacha.